Tu na Ku: Maisha ya Mzee Tukutuku, Mpiga Tarumbeta

"Babu, kama usingekuwa na ulimi, tarumbeta ingelia?"

Swali hilo aliliuliza mjukuu wake wa nne mwaka 2016. Alikuwa na miaka saba, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kitambaa cha kusugulia shaba mkononi. Marehemu alicheka mpaka akakohoa. "Unaniombea nini wewe, mke wangu?" akasema, maana wajukuu wake wa kike wote aliwaita hivyo. "Hebu lete hicho kitambaa." Mjukuu akampa, akakimbilia kucheza. Ndiye aliyepewa kazi ya kuandika maisha haya. Ameona swali litangulie, kwa sababu limemkaa kooni tangu babu alipougua, miaka miwili na zaidi sasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, saa mbili asubuhi, mtoto wa tano kati ya saba wa mama mfua nguo na baba mlinzi wa ghala la pamba. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Mkunga alimgeuza akampiga kofi moja, kimya. La pili, kimya. La tatu ndipo akatoa sauti, na alipoitoa hakunyamaza mpaka jioni. "Pumzi anayo," mkunga akasema, "kuanza ndiko kunakomshinda."

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi Novemba 1966. Hesabu aliziweza. Kuimba alikupenda, lakini kuimba hakukumpenda: mwalimu wa kwaya alimtoa mstari wa mbele, kisha wa nyuma, kisha akampa kazi ya kushika daftari la nyimbo, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Baba alipoanguka ghalani akavunjika nyonga, masomo yakaishia hapo.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa kiwanda cha nguo, ukumbi wa ufumaji. Humo mlikuwa na mashine mia mbili na arobaini, zote zikigonga kwa pamoja, na kijiti kinachobeba uzi kikirushwa kulia, kikirushwa kushoto, tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kutoka. Mtu angekutukana akiwa hatua moja tu usimsikie. Kwa hiyo watu wa ufumaji walisoma midomo. Walitaniana, walisengenyana na kugombana bila sauti, na aliyetaka kumsema msimamizi ilimbidi aweke kiganja mdomoni kwanza, maana msimamizi naye alianzia kwenye mashine hizo hizo.

Ndivyo alivyompata mkewe. Alikuwa mashine ya nne kutoka kwake, na kwa miezi minane walizungumza kila siku bila kusikiana. Siku walipokutana nje ya geti, marehemu akajikaza akasema, "Habari yako, dada?" Bibi akaangua kicheko. "Kumbe una sauti ya kifaranga! Mimi miezi yote hii nilikuwekea sauti ya mtu mzima." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1975, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Kiwanda kilikuwa na bendi ya tarumbeta, na marehemu aliingia humo mwaka 1972. Mtu aliyefukuzwa kwaya alikuwa amepata sauti ya kukopa. Lakini alijifunza kwa macho, kama mtu wa ufumaji: alisimama mbele ya wapigaji, akatazama midomo yao, akaiga. Midomo aliiona. Ulimi hakuuona, kwa sababu ulimi wa mpigaji hauonekani na mtu yeyote. Basi akaubahatisha. Kila noti aliianza kwa kuusukuma ulimi nje katikati ya midomo, akapiga hivyo miaka miwili mizima. Siku moja kiongozi wa bendi akasimamisha mazoezi.

"Wewe kijana, unapiga tarumbeta au unatema mbegu za chungwa?"

"Napiga, mwalimu."

"Ulimi wako unauweka wapi?"

"Hapa," marehemu akasema, akautoa nje wote.

Bendi nzima ikalala chini kwa kicheko. "Urudishe ndani, umetuonyesha mpaka chumbani kwako!" mpiga ngoma akapiga kelele. Kiongozi hakucheka. Akamwambia, "Sema 'tu'. Umegusa wapi?" "Nyuma ya meno ya juu, mwalimu." "Basi huko ndiko kwao. Hautoki. Pumzi inasubiri mlangoni, ulimi unafungua, noti inatoka. Haya, anza upya."

Akaanza upya. Kuna kazi ngumu kuliko kujifunza, nayo ni kusahau ulichojifunza vibaya. Ilimchukua miezi saba. Alipoipata "tu", kiongozi akampa "ku", inayogongwa na ulimi wa nyuma, kule ndani karibu na koo, ili noti za haraka zipokezane: tu mbele, ku nyuma, tu-ku-tu-ku, mpaka sikio lisitofautishe. Hapo kiwanda kikawa mwalimu wake. Kijiti kikienda kulia alisema tu, kikirudi kushoto alisema ku. Akasema hivyo akila, akisubiri maji bombani, akifunga kamba za viatu. Ndipo wenzake wakamwita Tukutuku, na jina likamganda hata mjukuu huyu alikuwa darasa la pili alipojua kwamba babu ana jina lingine.

Kiwanda kilifungwa Ijumaa tarehe 30 Septemba 1994. Mashine zilizimwa saa nne asubuhi, na bendi ikapiga getini mara ya mwisho. Bibi husema kwamba hapo ndipo wafanyakazi walimsikia Tukutuku kwa mara ya kwanza bila mngurumo nyuma yake. Noti zilitoka kama shanga zinazomwagika sakafuni, kila moja na mlio wake. Watu wakalia, na si kwa ajili ya kazi peke yake. Kiongozi akamwachia tarumbeta. Tangu siku hiyo alitengeneza cherehani za watu kibarazani, na saa kumi jioni aliweka bisibisi chini akafundisha watoto wa mtaa kupiga ulimi. Hakuwagusisha tarumbeta kabla hawajaweza kusema "tu" mara mia mbele ya mshumaa unaowaka bila kuuzima.

Mjukuu wake alianza naye mwaka 2019. Tu aliipata. Ku akaambiwa asubiri. "Maliza darasa la saba kwanza," marehemu alisema. "Ku ni ya wakubwa. Ukiikimbilia utaipiga kama mtu anayekabwa na mwiba."

Januari 2022 marehemu aliona kidonda upande wa kushoto wa ulimi. Hapa inafaa isemwe kweli, hata kama inauma: hakushtuka. Midomo ilishamchubuka mara nyingi, fizi zilishamtoa damu, akakichukulia kidonda hiki kuwa cha kazi. Akapumzisha tarumbeta wiki mbili, akasukutua maji ya chumvi, kama alivyowafundisha wanafunzi wake. Kikapungua, kikarudi. Akasukutua tena. Bibi akasema, "Baba nanihii, nenda ukaonwe." Akajibu, "Ulimi wangu nimeishi nao humu ndani miaka sabini, daktari atauona dakika mbili." Alikwenda mwezi wa tano, akaambiwa ni saratani. Tarehe 9 Juni 2022 madaktari waliukata ulimi, zaidi ya nusu, na kwa huzuni yao wakasema wangetamani angefika mapema.

Mjukuu alikuwa darasa la saba. Alipoambiwa, hakulia. Alikwenda ngazi ya mlango wa nyuma akakaa pale pale, na lile swali likakaa naye.

Maneno ya marehemu yaligeuka uji. Daktari hakumwelewa, wala watoto wake. Bibi alimwelewa kama zamani. "Mbona nyie mnahangaika?" alisema. "Mtazameni midomo. Mimi na huyu tulianza bila sauti." Akawa mkalimani wake, akamfundisha na mjukuu. Jioni walikaa watatu, marehemu akisema bila kutoa sauti na wao wakimjibu. Kuna siku alimtania bibi kuhusu chai, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mtu akadhani mambo yatakuwa sawa.

Hayakuwa. Desemba mwaka huo mjukuu, akiwa amemaliza darasa la saba, akaja na tarumbeta. "Babu, uliahidi ku." Marehemu akakaa sawa kwenye kiti. Akafanya midomo yake. Mjukuu akaitazama, akapiga, akakosea: ku ya kusema aliijua, ya kupiga ilimshinda. Marehemu akafanya tena, akimwonyesha kwa kidole chini ya taya: huku, nyuma. Mjukuu akapiga "tu". Marehemu akatikisa kichwa. Bibi akaitwa kutoka jikoni atafsiri, akainama karibu kabisa na uso wa mumewe, yeye aliyesoma midomo hiyo tangu 1969. Akaitazama muda mrefu.

"Sioni," akasema. "Mume wangu, midomo ya tu na midomo ya ku ni ile ile."

Wakajaribu siku hiyo, na kesho yake, na likizo nzima. Yeye aliyekosea miaka miwili kwa kutazama midomo sasa hakuwa na kitu kingine cha kumwonyesha mtu. Wanafunzi, ambao hakuna aliyewahi kufika kwenye ku, wakaacha kuja mmoja mmoja. Mara moja tu alijaribu kupiga mwenyewe: ukatangulia upepo, fuuu, mrefu, kisha sauti ikaja imechelewa, haina mlango, kama mtu anayeingia kikao kikifungwa. Akaifunga tarumbeta kwenye taulo akaiweka juu ya kabati. Ku ya mzee huyu haipo tena kwa mtu yeyote. Wapo watakaosema iko vitabuni. Huenda. Ya kwake imekwenda naye.

Ugonjwa ulirudi Mei 2024, safari hii kooni. Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, bibi akiwa ameshika taya lake kwa viganja viwili.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, cherehani nne za watu ambazo hazijakwisha, na tarumbeta moja. Mungu amlaze pema, ampe pumziko ambalo mwili wake ulimnyima.

Siku tano kabla hajafariki, mjukuu alikuwa akimnywesha maji kwa kijiko. Akakiweka kijiko. Akasema yote kwa mkupuo: ngazi, kitambaa, miaka saba, swali. "Babu, ni mimi niliyekuombea?"

Marehemu alimshika mkono, akatikisa kichwa, hapana, hapana. Kisha akanyoosha kidole juu ya kabati, kwenye taulo, na midomo yake ikaanza kwenda, polepole, ili isomeke. Bibi alikuwa uani. Mjukuu aliisoma peke yake:

"Inalia, mke wangu. Ila haijui pa kuanzia."