Pampu Iliyovuta Upepo

Kijiwe chetu kilikuwa ubavuni mwa duka la ushirika, duka ambalo mwaka ule lilikuwa likiuza majembe na ukimya. Tulikuwa tumehamishiwa hapo, upande wa Mpapura, msimu uliotangulia, kila mtu na bati lake na kuku wake, tukaambiwa sasa tumekuwa kijiji. Nyumba zikapangwa mistari, shamba la pamoja likapimwa, na wanaume, bila ya kuagizwa na mtu, wakajenga benchi. Ubao wake ulikuwa wa ngalawa mbovu kutoka Mikindani. Upande mmoja uliketi juu ya jiwe; upande wa pili ulishikwa na chuma kilichosimikwa ardhini, chenye kichwa kilichopinda, na kile kipindo kiliubana ubao kama kwapa. Mimi nilikuwa nauza kahawa pembeni. Siyo kwa mapenzi; marehemu mume wangu aliniachia dele na vikombe, hakuniachia pensheni. Alasiri ninayoisema hapa, maji yote ya nyumbani kwangu yalikuwa ndani ya dele hilo, yamekwisha kuwa kahawa.

Pampu ya kijiji ilikuwa imegoma. Ukiisukuma inakoroma, inatoa upepo. Asubuhi ya siku hiyo Bwana Maji alipita na lori akitokea Mtwara mjini. Hakushuka, alikuwa amevaa viatu vyeupe. Akauliza dirishani: inatoa nini? Akajibiwa: upepo. Akasema, "Kesho mchana nikirudi bado inatoa upepo, naing'oa naipeleka ng'ambo ya bonde. Wenzenu wameomba." Akaondoka na vumbi lake.

Wakiing'oa, maji yetu yanarudi bondeni, kwenye kisima cha mteremko ule unaoshukwa kwa makalio. Kiangazi kilichopita nilianguka pale na mtungi kichwani. Mtungi ukavunjika, goti likateguka, na ushirika hauuzi mitungi wala magoti. Kwa hiyo siku hiyo niliwasikiliza wale mabwana kuliko kawaida yangu.

Walikuwa watatu. Saidi tulimwita Kamati, maana hapakuwa na kamati ya kijiji asimokuwamo, hata ile ya uzazi na malezi. Kasiani tulimwita Injini. Alikuwa mtu wa treni kwenye reli ya karanga, reli iliyong'olewa kabla hata mbwa hawajazoea mlio wake. Omari tulimwita Redio kwa kuwa ndiye mwenye redio. Betri zilikufa tangu Ramadhani, ila habari hazikukatika.

KAMATI: Tusilaumiane. Bwana Maji anataka kuona kijiji kina fikra. Akikuta pampu imeboreshwa, haing'oi.

INJINI: Iboreshwe mara ngapi? Mimi nilishaiboresha.

REDIO: Hata mimi.

Kweli kabisa. Injini aliukuta mpini wa pampu umepinda, akaufungua akautupa, akaweka chuma cha reli, kirefu, kimenyooka kama askari wa gwaride. Redio naye hakupenda kinavyolia. Akakipaka mafuta ya maganda ya korosho, yale tunayopaka nguzo zisiliwe na mchwa. Kelele ikaisha. Wanawake wakatoka malengelenge viganjani.

MIMI: Na katika nyie hakuna hata mmoja aliyewahi kujitwika ndoo.

INJINI: Bi Zuhura, fundi wa ndege lazima aruke nayo?

MIMI: Aanguke nayo, ndiyo.

KAMATI: Nisikilizeni. Napendekeza mipini miwili. Mmoja huku, mmoja kule. Huyu mama akishuka, yule anapanda. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MIMI: Chawa na maji wamekutana wapi?

KAMATI: Umoja, Bi Zuhura! Nasema umoja!

INJINI: Mipini miwili itavuta upepo mara mbili. Hapo utakuwa umejenga feni.

Redio akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue taarifa ya habari imefika.

REDIO: Nchi za wenzetu hakuna mtu anayesukuma. Nimesikia juzi...

MIMI: Juzi ya mwaka gani?

REDIO: Wanafunga punda. Punda anazunguka, maji yanapanda.

INJINI: Punda, Mtwara hii? Mbung'o wangemmaliza hajavuka Mnazi Mmoja.

REDIO: Basi watoto wa shule. Tunafunga pembea kwenye mpini. Watoto wanabembea, huku maji yanapanda, huku wanajifunza kujitegemea. Samaki mkunje angali mbichi.

KAMATI: Na shule zikifungwa?

REDIO: Tunawapandisha wazee.

MIMI: Mtangulie nyie. Mmekaa hapo mnabembea tangu adhuhuri.

Nikawamiminia kidogo kidogo, vikombe nusu. Walilalamika. Nikawaambia kahawa iliyobaki ni hii, na maji ya kupikia nyingine yako chini ya pampu wanayoipigia hotuba. Kamati akanywa nusu yake, akafumba macho. Alipoyafumbua nikajua limekuja kubwa.

KAMATI: Ndugu zangu. Ipo nguvu hapa kwetu, kubwa kuliko punda na watoto, na haina kazi yoyote. Bahari.

REDIO: Eeh!

KAMATI: Bahari inajaa, inakupwa. Inajaa, inakupwa. Na mpini wa pampu unataka nini? Kupanda, kushuka. Kazi ni ileile! Tunafunga kamba kwenye mpini, kamba inakwenda mpaka Msimbati, kule inafungwa kwenye ngalawa. Bahari ikijaa, ngalawa juu. Ikikupwa, ngalawa chini. Sisi huku tunakinga ndoo.

INJINI: Kamba toka hapa mpaka Msimbati?

KAMATI: Katani. Mkonge umejaa Mikindani.

INJINI: Saidi, bahari inajaa mara mbili kutwa. Utapata sukumo mbili. Kijiji kizima tutagawana kibakuli.

KAMATI: Kawia ufike.

MIMI: Ufike wapi? Kwenye maji au kwenye maji ya kuoshea maiti?

Walicheka wote isipokuwa Injini. Injini alikuwa ameanza kutafuna kijiti, na mtu huyo akitafuna kijiti huwa ameacha mzaha.

INJINI: Mimi nauliza kitu kimoja. Huo upepo unaingilia wapi?

REDIO: Upepo ni upepo. Unaingia popote.

INJINI: Hapana. Ndani ya koo la pampu kuna ngozi, duara, imebana pande zote. Mpini ukishuka, ngozi inapanda, inavuta maji nyuma yake. Sasa ngozi ipo, nzima, niliikagua mwenyewe. Bomba halina tundu. Nati nilizikaza mpaka spana ikalia. Upepo unapitia wapi?

Kamati alitaka kuunda kamati ndogo, nikamwangalia, akarudi kwenye kikombe chake.

Ndipo akaja yule bi harusi. Modesta, mke wa Mwalimu Danieli, ameletwa juzi kutoka Ndanda, hata kijiji hajakijua kichwa wala miguu. Mkononi ana ndoo tupu. Akapiga goti kidogo.

MODESTA: Shikamooni.

SISI: Marahaba, bi harusi.

MODESTA: Nimetoka kwenye pampu. Haitoi kitu.

KAMATI: Tunajua, binti. Suala lipo kwenye vikao.

MODESTA: Samahani, wazee. Mbona mpini wenu umenyooka?

Injini akainua kifua. Siku nzima hakuna aliyemsifu.

INJINI: Hiyo kazi yangu. Wa mwanzo ulikuwa umepinda. Watoto waliuning'inia, nadhani. Nikaweka chuma cha reli.

MODESTA: Na wetu kule Ndanda umepinda. Na wa misheni umepinda. Mimi nilidhani ndivyo unavyozaliwa.

Kijiti kikaanguka mdomoni mwa Injini.

INJINI: Yote imepinda?

MODESTA: Niliyoiona mimi, yote.

Injini akanipokonya kijiko. Akakinyoosha juu ya mdomo wa dele, akakiinamisha, akakiinua. Mimi siruhusu mtu kugusa dele langu, lakini uso aliokuwa nao sikuwahi kumwona nao, uso wa mtu anayesikia mlango ukifunguliwa chumba cha pili. Akakipinda kijiko changu. Akakiinamisha tena. Safari hii shingo ya kijiko ikagota kwenye mdomo wa dele, ikasimama.

INJINI: Oneni. Oneni, jamani! Uliopinda unagota. Ukifika hapa unasema basi. Huu wangu haugoti popote, unakwenda mpaka chini kabisa, na ngozi kule ndani inapanda, inapanda, mpaka inatoka juu ya koo. Upepo unaingilia hapo! Kile kipindo hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa breki!

REDIO: Treni ya karanga haikuwa na breki?

Injini akamtukana kwa Kimakonde, neno ambalo siliandiki. Halafu akakaa tena, taratibu, ameshika kijiko changu kilichopinda. Nikamwona anavyoitazama kazi ya mikono yake kwa mbali, kile chuma kirefu kikiwa kimesimama jua linakitia mwanga. Alikuwa amekibeba begani toka Mkwaya, mtu mzima huyo, kwa kututakia mema.

MODESTA: Sasa, wazee, ule uliopinda uko wapi?

Swali dogo tu. Kamati akatazama mawingu. Redio akatazama ndani ya kikombe, kana kwamba habari zingetoka humo. Injini akatazama vidole vya miguu yake. Kila mtu kijijini alijua ule mpini ulikokwenda, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyekuwa na haja ya kuukumbuka. Binti alikuwa anatutazama mmoja mmoja, anadhani amekosa adabu.

MIMI: Hujakosa, mwanangu. Wameukalia.

KAMATI: Bi Zuhura, hili benchi ni mali ya...

MIMI: Simameni.

KAMATI: Angalau tupate azimio la...

MIMI: Saidi. Simama.

Wakasimama. Injini alichimbua kile chuma kilichoshika benchi kwa mikono, hakungoja jembe, na ubao wa ngalawa ukaanguka kifudifudi. Tukaenda pampuni. Akafungua chuma cha reli, akaufunga ule uliopinda, akausukuma. Uligota vizuri, ko, ko, lakini pampu iliendelea kukoroma. Ngozi ilikuwa imekauka kama ulimi wa mfungaji saa kumi.

INJINI: Inataka kunyweshwa kwanza. Maji kidogo tu, ilowe ishike.

REDIO: Nani ana maji?

Hapakuwa na mwenye maji. Wote wakageuka, wakatazama dele langu. Nilikuwa nimelibeba mkononi, maana nisingeliacha kijiweni na watu wale.

Sikutoa kwa moyo mkunjufu. Msije mkaambiwa uongo. Niliifikiria ile kahawa. Nikalifikiria goti langu. Nikamimina yote, na tangawizi yake, ndani ya koo la pampu, Kamati akiugua kama mtu anayezika.

Modesta akashika mpini. Hakuna aliyemwambia, yeye ndiye aliyekuwa na ndoo. Akasukuma. Ikakoroma. Akasukuma, ikakohoa. Kisha mpini ukawa mzito mikononi mwake, nikauona ule uzito begani mwake, na kila mwanamke anayeujua uzito huo anajua maana yake. Yaliyotoka kwanza yalikuwa ya kahawia, yananuka tangawizi. Redio akakinga kikombe. Yaliyofuata yalikuwa maji.

Kesho yake mchana lori likaja. Bwana Maji akauliza dirishani: inatoa nini? Akajibiwa. Akaondoka.

Kahawa waliinywa wamechuchumaa, ubao wa ngalawa umelala kando, magoti yao yanalia kuliko ile pampu kabla ya mafuta ya korosho. Injini alikuwa ameshakipima kwa macho kile chuma cha reli, anaona kinatosha kushika benchi. Kamati akasema sawa, ila safari hii benchi lisijengwe kienyeji, liboreshwe.

Nikamwambia achuchumae.