Bi Kimya na Redio Iliyoita
Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkuu wa kitengo chetu cha umeme wa magari anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji hii. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua wachache. Sote tunamwita Bi Kimya, kwa sababu kabla ya kuijaribu redio yoyote huinua kidole, na hapo hata mpiga rangi huzima mashine yake.

Alianza kwa kubadilisha betri na taa. Redio akajifundisha mwenyewe. Meneja wetu hatasahau alivyolalamika kwamba spika ya mlango wa nyuma wa gari lake inatafuna maneno. Bi Kimya akaubandua mlango na kutoa meno ya bandia ya mama mkwe wa meneja. Nyumbani paka alikuwa ameshalaumiwa wiki nzima.

Sifa zake zilitokana na magari ya zamani. Redio za kaseti za magari hayo hazina pa kuchomeka simu. Bi Kimya huichomoa redio, akatafuta mahali sauti ya kaseti inapoingilia, akalehemu hapo nyaya nyembamba na kutoa tundu la waya wa simu chini ya dashibodi. Kisha hutumbukiza kaseti tupu, redio idhani inapiga kaseti. Kazi ya asubuhi moja.

Moja tu kati ya kazi hizo haikuwa ya kawaida, na kwa kuwa nilikuwepo, naieleza kama nilivyoiona.

Mjane mmoja alileta gari la marehemu mumewe. Alitaka kusikiliza nyimbo za simu yake akiendesha, basi. Jua lilikuwa limejaa uani, redio imelazwa kwenye kiti cha abiria matumbo nje. Bi Kimya alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kulehemu. Simu bado anayo mjane, ameketi kwenye benchi la wateja. Spika zikakohoa. Kikohozi cha mtu mzima, cha kifuani.

"Mama watoto," ikasema sauti ya mwanamume, "mbona umekawia?"

Mjane akasimama. "Ni yeye," alisema taratibu, kama mtu aliyeitwa mezani.

Bi Kimya aliniashiria nichomoe betri. Nikachomoa. Waya ninao mkononi, na sauti inaendelea: "Ingia. Twende."

Kabla hatujamzuia, mama yule alikuwa ameshaketi nyuma ya usukani. Milango ikajifunga. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bi Kimya, lakini injini ikanguruma, na gari likaanza kusogea kuelekea getini, kwenye barabara ya malori. Mjane alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonitoa jasho.

Bi Kimya alitembea sambamba na gari, akaingiza kichwa kwenye dirisha la abiria lililokuwa wazi, akaiinamia redio. Hakupaza sauti.

"Shemeji, tumekusikia. Pole kwa upweke. Lakini huyu haendi leo, wanawe wanamsubiri. Wewe tangulia."

Gari likasimama. Spika zikavuma kitambo. "Haya," ikasema sauti, kama mtu anayeondoka ameudhika kidogo. Injini ikanyamaza.

Mjane alilia kwa hasira. "Wewe ni nani wa kumjibu mume wangu?" alifoka. Bi Kimya alimletea maji, akamshika mkono mpaka akatulia, kisha akamuuliza kama nyaya zing'olewe.

Mjane akafuta machozi. "Ziache," alisema. "Ila ujaribu wewe kwanza."

Bi Kimya akaichomeka simu. Wimbo ukatoka safi, na chini yake hakukuwa na kitu.

Mama huyo bado ni mteja wetu. Juzi alikuja na wajukuu kiti cha nyuma, wote wanaimba, kila mmoja na wimbo wake.

Bi Kimya, ahsante kwa mafundi uliowalea na kwa subira yako kwetu sisi wenye mikono mizito. Tangu siku ile, redio za magari ya marehemu umekuwa ukizifungua peke yako, mlango umeurudisha, na kila mara tulikusikia ukitoa salamu. Kuanzia Jumatatu kazi hiyo ni yangu, na redio moja tayari iko mezani. Sisi wenzako tunakuombea mapumziko marefu, afya, na nyumba iliyojaa vicheko. Ila tafadhali, simu yako usiizime.