Elektroni na Suruali ya Kupunguza

Benchi lilikaa kati ya kibanda cha fundi nguo na duka la kinyozi, na jioni ile lilikuwa na kelele kama kawaida yake, ila cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Tangu asubuhi fundi, ambaye wote walimwita Sindano, alikuwa anawarudisha wateja. Kesho saa mbili anapigwa picha ya moyo, maana siku hizi akikanyaga pedali kidogo tu kifua kinambana. Na huyo Sindano, jamani, mtu wa kushika sindano maisha yake yote, kuchomwa moja tu kulikuwa kunamnyima usingizi!

— Hebu rudia alivyosema nesi, — Kinyozi akadai.

— Wananidunga dawa. Kila chembe ya dawa ina kiini katikati, elektroni zinazunguka nje. Sasa elektroni moja ikiingia kwenye kiini, inakutana na protoni, inabaki nyutroni. Chembe inageuka kitu kingine kabisa, inatoa mionzi, kamera inaiona. Na kuna kadude kengine kanatoroka, hakaonekani.

— Hako kanakotoroka ndiko ka kuogopa! — akadakia Breki, dereva wa lori aliyestaafu. — Kama hakana kosa, kanakimbia nini?

— Wewe nawe! Elektroni ni bwana harusi, — Kinyozi akasema. — Anazunguka nje, anazunguka, siku akiingia kwa wakwe, hatoki. Na nyumba nayo si ile tena.

— Bwana harusi wapi! — Breki akabisha. — Elektroni si umeme? Sindano anatiwa umeme moyoni. Atarudi anashona bila kukanyaga pedali!

— Na kama chembe inageuka, yeye je? Anaingia fundi nguo, anatoka kinyozi. Mtaa huu sitaki mpinzani, nasema mapema!

— Acheni kumtisha mwenzenu, — Mama Kahawa, aliyewauzia kahawa hapo benchini, akawakemea huku akimimina. — Kinachogeuka ni dawa, si yeye.

Sindano alicheka nao. Lakini moyoni alishakata shauri: kesho haendi popote.

Hapo akatokea mwanamke mgeni, kashika mfuko.

— Habari zenu. Fundi, suruali ya mume wangu, kupunguza miguu.

— Sipokei kazi, dada. Kesho naenda kupigwa picha ya moyo, — Sindano akajibu, asiwafichulie wenzake shauri lake.

— Pole, kaka. Unakwenda na nani?

Breki akakohoa. Kinyozi akaanza kukung'uta nywele kwenye shati ambalo halikuwa na nywele. Sindano akatazama chini. Kumbe siku zote hizi si elektroni iliyomtisha, ni kukaa peke yake kwenye korido ya hospitali akisubiri kuitwa.

— Saa mbili, siyo? — Breki akauliza taratibu. — Nakupitia saa moja. Na usinichelewesheee!

— Mimi duka nafunga, — Kinyozi akasema. — Lazima nikahakikishe hatoki na mashine ya kunyolea.

— Sasa kahawa yangu nimuuzie nani hapa? — Mama Kahawa akalitikisa birika tupu. — Naja nalo huko huko.

Sindano akajifuta macho kwa kiganja, waziwazi, hakumficha mtu. Akainuka, akafunua cherehani, akavaa utepe wa kupimia shingoni.

— Lete hiyo suruali, dada. Kesho kutwa jioni uje uichukue.