Boti Iliyozidiwa na Zawadi

Mgeni rasmi, pamoja na msafara wako mliopanda humu botini kwa ajili ya picha, sisi wahudumu wa boti ya wagonjwa tunawakaribisha kwa mikono miwili. Tungekuwa na wa tatu, ungekuwa unachota maji yanayoingia.

HISTORIA

Boti hii ilipoletwa ilikuwa nyepesi. Ikiwashwa, inainua pua kidogo, inateleza juu ya maji, na mgonjwa anafika hospitali ya ng'ambo kabla hajamaliza kusimulia anaumwa wapi. Kisha wageni rasmi wakaanza kutupenda. Wa kwanza alitupa paa la bati, ambalo linazuia jua na upepo pia, hasa tunapokwenda mbele. Wa pili alitupa mabenchi ya mbao ngumu. Wa tatu alitupa injini kubwa, nzito kuliko boti ilivyozoea. Nyuma ikazama, pua ikatazama mawingu, nasi tukaweka mifuko ya mchanga mbele ili kusawazisha. Tangu hapo tunausafirisha mchanga kwenda na kurudi, na wala hauumwi.

MAFANIKIO

Hatujawahi kuzama.

CHANGAMOTO

Propela iligonga mwamba ikapinda. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Letu limejaa na bado linavuma, ila haliendi.

Chini ya boti kumeota mwani. Tuliagizwa ing'ae kwa ajili yako, muda ukawa mfupi, tukapaka rangi juu ya mwani huo huo. Imependeza kweli, lakini maji yanaing'ang'ania kuliko zamani.

Fundi wetu, tunayemwita Kilo Mia, naye tumemhesabu kwenye mizigo. Amekubali kupungua, ingawa hakusema lini.

Mgeni rasmi, mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia katikati ya maji, juu ya benchi la mgeni rasmi wa pili. Tuliogopa sana. Mtoto alipolia, na sisi tulilia. Mama Mkunga alituambia, "Wanangu, leo tumebahatika tu. Msije mkaizoea bahati."

MAOMBI

Tumesikia umetuletea makochi. Tunashukuru mno, na tunaomba yabaki ofisini kwako, yanakokaa vizuri zaidi. Sisi tupatie propela mpya, pamoja na ruhusa ya kukwangua mwani, kurudisha injini ya zamani iliyoko stoo, na kung'oa paa na mabenchi. Kila kimoja kina kibao cha jina la mkubwa aliyekitoa, kwa hiyo hakuna anayethubutu kukigusa.

Tulikuwa na ukurasa mzima wa shukrani, lakini tunauruka. Mama Mkunga amefika hapo gatini na mama mwenye uchungu, amemkalisha juu ya ndoo, na kwa adabu zao wanasubiri tumalize kusoma.

Kwa heshima na taadhima, mgeni rasmi, tunakuomba uizindue boti hii kwa kushuka. Na msafara wote.

Mungu akuzidishie afya, na mguu mwepesi.

Ni sisi,
Wahudumu wa Boti ya Wagonjwa.