Kumuaga Mwalimu Serafina kwa Mara ya Pili

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, Mtemi wetu, Bwana Inspekta wa Polisi, Mama Mkuu wa shule, walimu na wazazi: shikamooni. Nanyi wanafunzi wenzangu, nawasalimu kwa upendo.

Naitwa Paskalia Masele, wa darasa la nane. Nimetumwa na wenzangu kumuaga Mwalimu Serafina Maganga, anayekwenda kufungua darasa la wasichana ndani ya uzio wa mgodi wa almasi. Mtaniwia radhi nikitaja jambo ambalo kila mmoja wetu analijua: hii ni mara ya pili tunamuaga.

Mara ya kwanza tuliimba, tukalia, tukampa kanga. Jumatatu akarudi na godoro lake juu ya baiskeli ya kaka yake, kwa kuwa kibali cha polisi kilikuwa hakijatoka. Hakuna anayeingia ndani ya uzio ule, hata mpishi, kabla Serikali haijachunguza mwenendo wake. Nyumba yake ilikuwa imeshapewa mwalimu mwingine, na darasa lake pia. Akalala stoo, akawafundisha wadogo barazani. Sokoni watu walisema, "Serikali haimnyimi mtu bure. Lazima kuna kitu." Wazazi wengine wakawahamisha binti zao. Je, ni nani kati yetu angeweza kuimba na watoto katika hali ile? Yeye aliimba.

Kila alipokwenda kuuliza, karani alimjibu, "Bado, Mwalimu. Rudi mwezi ujao." Pamba ikavunwa, ikauzwa, mvua zikaanza. Hatimaye jibu likaja: ombi limekataliwa. Sababu haikutajwa. Aliomba asikilizwe, na hapo ndipo Bwana Inspekta alipomsomea maneno ya shahidi mmoja.

Shahidi huyo yupo hapa. Ni Mama Mwanaima, Mzaramo, anayeuza vitumbua karibu na stesheni. Bwana Inspekta, ambaye wakati ule alikuwa mgeni kabisa katika nchi yetu, alimkuta pale akamuuliza kama anamfahamu Serafina Maganga.

"Yule mla michembe ya viazi?" akajibu. "Namfahamu sana. Mwizi mkubwa! Ng'ombe wote waliopotea Kishapu wamo tumboni mwake. Mfunge upesi, Bwana, nirithi sufuria zake."

Naona mnacheka. Sote twajua kwamba Mzaramo na Msukuma ni watani, na mtani hamsifu mtani wake mbele ya mgeni. Lakini mgeni hakulijua hilo, akaandika yote kama yalivyosemwa.

Mwalimu hakumgombeza mtu. Alisema tu, "Bwana, huyo ni mtani wangu." Haikutosha. Ilibidi Mama Mwanaima mwenyewe aende polisi, na majirani walimwonya kwamba anayewapa polisi habari za uongo hufungwa. Akaenda.

"Kwa hiyo ulisema uongo?" akaulizwa.

"Sikusema uongo, Bwana. Nilitania."

"Kuna tofauti gani?"

"Mama yake Serafina alipofariki, mimi nililala kaburini, nikazuia mwili usishushwe mpaka wanilipe. Wafiwa wakacheka katikati ya machozi, wakaweza hata kula. Unadhani mwizi ningemfanyia hayo? Mwizi ningemwamkia kwa adabu, nikapita zangu."

Bwana Inspekta, tunakushukuru mbele ya watu wote, kwa kuwa uliweka kalamu chini, ukamsikiliza mpaka mwisho, kisha ukaandika upya. Si kila mkubwa hukubali kufuta alichokiandika. Nasi tunaomba kwa unyenyekevu kwamba atakayekuja baada yako aelezwe mapema desturi zetu, maana watoto wa wachimbaji wamekaa muda wote huo bila mwalimu. Mimi nami natumaini kusomea ualimu, Mungu akipenda, na siku moja majirani zangu wataulizwa habari zangu.

Lakini kuna kitu ambacho kibali hakikukirudisha. Tangu siku ile Mama Mwanaima hamtanii tena Mwalimu. Wakikutana stesheni husema, "Habari za asubuhi, Mwalimu," akainamisha macho. Juzi nilimkuta Mwalimu analia, yeye ambaye katika kungoja kote kule sikuwahi kuliona chozi lake. Nilipomuuliza akasema, "Paskalia, ananisalimu kama mtu baki."

Mama Mwanaima, lori linangoja, na ndani ya uzio ule hutaruhusiwa kuingia. Bwana Inspekta ameketi hapa, naye sasa anaelewa. Sisi watoto hatuwezi kukusemea. Nakuomba kwa heshima zote, kabla Mwalimu hajapanda, simama umtukane.

Waheshimiwa, wazazi wetu, nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa. Wabeja. Naketi sasa, ili mama huyu apate nafasi.