Sura ya Mama Kabla ya Penseli

Mheshimiwa Meya, Padre Anselmo, ndugu wageni waalikwa, majirani wa mtaa wa sokoni, na wewe Don Eliseo Rondón, unayefunga studio yako leo baada ya kutupiga picha maisha yetu yote: habari za jioni.

Nilikuja na hotuba nzuri. Nilitaka kusema kwamba hakuna bibi harusi wa mji wetu huu wa Azua ambaye hakukaa kwenye kiti chako chekundu, wala mtoto wa komunyo ya kwanza ambaye hukumfuta kamasi. Lakini nimepita kwenye ukuta ule nyuma yenu, na hotuba yote imenitoka. Mtanisamehe.

Nani hapa hajui desturi yetu? Unajipaka poda mpaka shingoni, unaketi, na kabla taa haijawaka unanong'ona, "Don Eliseo, ning'arishe kidogo, baba." Naye anaipitishia filamu penseli yake taratibu, maana panapopakwa penseli kwenye filamu hutoka peupe kwenye picha, nawe unatoka umetakata, pua imepungua, umekuwa binamu wa Wahispania. Sisi tuna majina mengi ya rangi kuliko ya vyakula: ngano, mdalasini, kahawa ya maziwa. Weusi tumewaachia watu wa ng'ambo ya mpaka wanaokuja kutukatia miwa, tena kwa matusi.

Tusichokijua ni kwamba kabla ya penseli, Don Eliseo alikuwa akichapa picha moja ya majaribio na kuihifadhi. Leo, kwa kutuaga, amezitundika kwenye ukuta ule. Mlisikia kelele pale mlangoni? Doña Casilda amemwona marehemu mumewe, akafanya ishara ya msalaba. Na wewe Mheshimiwa Meya, nimekuona umesimama mbele ya babu yako, kofia mkononi.

Mimi nimemwona mama yangu.

Mama alifariki nikiwa na miaka miwili. Ninayemjua ni yule wa kwenye fremu ya sebuleni, mweupe kama maziwa ya unga. Chini ya picha ile nimelelewa mimi, mweusi peke yangu. Shangazi Vinda, aliyetulea, hakutaka nionje jua: "Rudi ndani wewe, watu watasema tumekuokota!" Nao ndugu zangu wakidakia, "Si alidondoka kwenye gari la miwa huyu!" Nilicheka nao. Halafu nikibaki peke yangu sebuleni, nilikuwa namwuliza yule mwanamke kama kweli mimi ni mwanawe.

Jamani, mwanamke wa ukutani pale ni mimi! Paji langu, pua yangu, rangi yangu hii hii.

Dada yangu Maritza huyu hapa, safu ya mbele. Alikuwa na miaka tisa mama alipotutoka. Alisukwa nywele na mikono ile. Nimemvuta kando nikamwuliza, "Dada, ulikuwa unajua?" Akanijibu, "Naapa, Nere, nilisahau. Nimeitazama ile ya sebuleni mpaka ikamfuta wa kweli." Kisha akasema lililonimaliza: "Kumbe miaka yote ile nikikucheka wewe, nilikuwa namcheka mama."

Wazazi wenzangu, mnaniletea watoto wenu shuleni niwafundishe. Niwafundishe nini, ikiwa mtoto anaweza kumsahau mama mzazi kwa sababu ya penseli?

Don Eliseo, nikusifu au nikulaumu? Nimekuuliza mbona ulitufanyia hivi, ukanijibu, "Mwalimu, si mlikuwa mnaniomba wenyewe? Niliwapa mlichotaka. Ila kuzitupa sura zenu, hilo nilishindwa." Nina hasira na wewe, mzee wangu. Na natamani kukubusu mikono. Sijui nianze na lipi.

Lakini kiti chekundu bado kipo, na taa hazijang'olewa. Kabla hatujagusa vinywaji, naomba zawadi moja: utupige picha ya mwisho, mimi na Maritza, tumempakata mama wa ukutani. Dada, njoo. Lete leso yako hiyo, nikufute poda mwenyewe.

Nawashukuruni nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Don Eliseo, penseli iache mezani. Tuko tayari.