Mdoli wa Jovina Kanyolewa Kipara

Benchi letu la Mabatini lina miguu mitatu na tofali, na linabeba wanaume ambao nyumbani wameaga kwamba wanakwenda kazini. Anayefanya kazi kweli ni mmoja tu, Projest fundi viatu, tunayemwita Soli, na hiyo ni kwa sababu benchi limeegemea kibanda chake. Wengine ni Injinia, fundi mwashi ambaye nyumba yake mwenyewe haijafika lenta. Afande, aliyewahi kuwa mgambo mpaka akapoteza filimbi. Na mimi, nisiye na jina la utani kwa kuwa mimi ndiye ninayeyagawa. Jumamosi hiyo Shigela muuza kahawa alikuwa ameshatumiminia kahawa, lakini Soli hakuwa amegusa kikombe wala kiatu. Alikuwa ameshika mdoli mwenye kipara.

— Soli, huyo marehemu ni wa nani? — akauliza Afande.

— Wa Jovina wangu. Si unajua Jumatatu anaanza darasa la kwanza? Jana nikampeleka kunyolewa, maana shule hawataki nywele. Kalia mpaka kinyozi kazima mashine. Nikasema ngoja nimfariji mwanangu. Nikampa kinyozi na mdoli.

— Amfanyeje?

— Amnyoe. Ili wafanane!

Kahawa ikamtoka Injinia puani. Kile kichwa cha mdoli kilibaki matundu matupu kama chujio la chai.

— Mtoto akasemaje?

— Kasema, "Mdoli yeye haendi shule." Basi. Toka hapo hanisemeshi. Nikiingia ndani, anatoka nje. Na Jumatatu anasema haendi popote.

Mimi niliacha kucheka hapo. Jovina huyo kila jioni humfuata baba yake kibandani na kumbebea kopo la misumari mpaka nyumbani, anatembea nalo utadhani kabeba sadaka. Jana kopo alilibeba Soli mwenyewe, na niliona vibaya.

— Nataka nimshonee wigi huyu mdoli kabla ya Jumatatu, — akasema Soli. — Nywele nzuri, ila ya bei ya kwetu. Semeni.

Hapo ndipo alipokosea mara ya pili.

— Rasta! — akadakia Injinia. — Paketi moja inavalisha wadoli wa mtaa mzima. Unakata soksi, unamvisha kama kofia, unashonea mstari kwa mstari kuanzia kisogoni kupanda juu.

— Rasta ni plastiki wewe, — akasema Afande. — Mtoto akimsogeza karibu na jiko, puu! Umekosa mdoli, umekosa nyumba. Mimi nasema nyavu. Pale mwaloni kwa wavuvi nyavu chakavu zimejaa. Unafumua, unapata nywele isiyokatika na isiyoogopa maji.

— Na zikiwa zile za matundu madogo? Doria wakimkuta mtoto ana mdoli wa nyavu haramu, wanamkamata mdoli, wanamchoma hadharani!

— Basi katani.

— Katani? Akioga siku moja anakuwa dodoki.

— Haya, mkia wa ng'ombe! Shemeji yangu yuko Magu, ng'ombe anao, mikia anayo.

— Umvalishe mdoli usinga? — Injinia akasimama kabisa. — Wiki haiishi, watu wanapanga foleni kwa Jovina kuaguliwa!

— Si ndiyo hela ya daftari hiyo!

— Afande, kaa.

— Nimekaa. Saluni wanatupa nywele za kushonea kila siku...

— Zile za kutoka India? Huyo mdoli ataanza kuongea Kihindi, ataulizia kwao!

Nikaona nimalize ubishi, maana kahawa ilikuwa inapoa na akili zinakwenda.

— Uzi wa sweta, — nikasema. — Sweta la mtumba ukilifumua unapata uzi wa bure. Laini, unasukika, hauyeyuki, hauna doria.

Soli akainama, akatoa chini ya kigoda nusu ya sweta. Lilikuwa lake, lile alilotoka nalo Bukoba, analolivaa msimu wote wa mvua. Mikono haikuwepo tena.

— Nimeshafumua, — akasema. — Asubuhi nikampelekea uzi. Akageukia ukutani.

— Basi ni rangi, — akasema Injinia.

— Ni unene, — akasema Afande.

Kulikuwa na mama mmoja amesimama pale mguu mmoja peku juu ya kipande cha boksi, anasubiri kiatu chake. Hatukuwa tumewahi kumwona.

— Samahanini kaka zangu, — akasema. — Fundi, ulimwomba msamaha?

— Nani?

— Mtoto.

Soli akatutazama. Sisi tukatazama vikombe.

— Mtoto anaombwaje msamaha? — akauliza Soli.

Benchi zima lilikuwa la kina baba, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo, wala kufanyiwa na baba yake.

— Unamnunulia soda, — Afande akajaribu.

— Hiyo ni soda, — akasema yule mama.

Soli akaweka mdoli magotini kama ndiye Jovina, akajaribu. Jovina ana jina la bibi yake, mama mzazi wa Soli, kwa hiyo Soli humwita mama.

— Mama, nisamehe, lakini na wewe ulilia sana, na kinyozi alikuwa...

— Toa hiyo "lakini", — akasema yule mama.

Soli akajaribu tena, na safari hii alikuwa anamtazama mdoli.

— Mama. Mdoli alikuwa wako. Sikukuuliza. Nisamehe.

Kisha akamtazama yule mama.

— Mimi nimefuata kiatu tu, — akasema yule mama. — Nenda kamwambie mwenyewe.

Soli akavua aproni akaondoka kwenda nyumbani, na yule mama akaketi kwenye kigoda cha fundi kusubiri kiatu chake.